Chati ya sindano haifai kwenye fremu ya vigingi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua kuhusu ufumaji wa rangi kwa fremu za vigingi, yale maduara ya plastiki yanayouzwa kwa seti pamoja na kulabu yake. Anayejifunza hufuma mzula wa rangi moja bila shida. Akijaribu ua, yaani pambo lolote la kufumwa, la rangi mbili, kazi inatoka imekunjamana, ua limebonyea, na ndani nyuzi zinaning'inia na kunasa vidole. Baada ya hapo huambiwa kwamba fremu ni ya kitoto na rangi ni kazi ya wenye sindano.

Si kweli, na inasikitisha kwa sababu watu wanaacha kabla hawajaonja uzuri wa kazi hii. Kuna jambo ambalo fremu inaishinda sindano waziwazi: upande wa mbele unakutazama muda wote, hata ukifuma kipande bapa cha kwenda na kurudi. Mwenye sindano akigeuza kazi hulazimika kufuma kinyume huku ameshika rangi mbili. Mwenye fremu hageuzi chochote. Kinachoharibu ni chati, yaani mchoro wa miraba ambao kila mraba ni kitanzi kimoja. Nyingi zinazozunguka mitandaoni zilichorwa kwa ajili ya sindano na uzi mwembamba, na zikiletwa kwenye fremu kama zilivyo, hesabu zake zinakataa.

Nianze na vigingi vyenyewe. Seti inayopatikana sana ina maduara ya vigingi 24, 31, 36 na 41. Hesabu vya kwako, maana ziko seti zenye idadi nyingine. 24 na 36 ni namba rafiki: zote zinagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 12. Lakini 31 na 41 ni namba tasa, hazigawanyiki kwa chochote, kwa hiyo hakuna ua linalojirudia litakaloingia sawasawa. Hata 36 ina mipaka yake. Ua la miraba 8 linaingia mara nne na kubakiza vigingi 4, na hapo ua la tano linakatwa katikati. Dawa ya 31 na 41 ni kutenga kigingi kimoja, kile cha mwanzo wa mzunguko, na kukifuma siku zote kwa rangi ya uwanja, yaani ile inayozunguka ua. Unabaki na 30, inayogawanyika kwa 2, 3, 5, 6 na 10, au 40, inayogawanyika kwa 2, 4, 5, 8 na 10. Kigingi hicho kinatoa mstari mwembamba unaopanda kama mshono wa nyuma ya kofia, na kinaficha kasoro nyingine pia: kwenye kazi ya duara mzunguko mpya huanza hatua moja juu ya ule wa kwanza, kwa hiyo ua haliungani vizuri pale mwanzo unapokutana na mwisho.

La pili ni umbo la kitanzi. Mraba kwenye karatasi una pande sawa, kitanzi hakina. Fuma sampuli kwa uzi na fremu utakayotumia, iondoe kwenye vigingi, iache itulie usiku mzima, kisha pima sentimita 10 kwa upana na 10 kwa urefu. Usipime ikiwa bado kwenye fremu, kwani pale imevutwa. Tuseme umepata vitanzi 9 kwa upana na mistari 12 kwa urefu. Kitanzi kimoja kina upana wa milimita 11 na urefu wa milimita 8. Ua la miraba 12 kwa 12, ambalo kwenye karatasi ni duara kamili, litatoka na upana wa sentimita 13 na urefu wa sentimita 10. Ndiyo kule kubonyea ambako watu wanadhani wamekosea kuhesabu. Gawa mistari kwa vitanzi, yaani 12 kwa 9, zidisha kwa upana wa ua: mistari inayotakiwa ni 16, si 12. Chora ua upya kwa urefu huo kwenye daftari la hisabati la miraba, bei yake ni ndogo na linatosha kabisa.

La tatu ndilo lenye madhara zaidi, nalo ni uzi unaopita nyuma. Katika ufumaji wa rangi mbili kwenye mstari mmoja, rangi isiyotumika husafiri nyuma ya kazi mpaka zamu yake ifike. Utaratibu huu unaitwa kwa jina la kisiwa cha Fair Isle, kilicho kati ya Orkney na Shetland kaskazini mwa Uskoti. Kanuni ya mapokeo ya huko ni rangi mbili tu kwa kila mstari, hata kama sweta nzima ina rangi nyingi, kwani rangi hubadilishwa kutoka mstari hadi mstari. Fuata kanuni hiyo bila kusita. Ila kanuni nyingine inayotajwa pamoja nayo, kwamba uzi wa nyuma unaweza kuruka vitanzi 5, ni ya uzi mwembamba. Kwenye kazi ya sindano yenye vitanzi 28 kwa sentimita 10, vitanzi 5 ni chini ya sentimita 2. Kwenye sampuli yetu ya vitanzi 9, vitanzi 5 ni sentimita 5 na nusu! Kidole cha mtoto kinaingia humo na kukwama, na kofia ikivutwa uzi huo unakamata kabla kitambaa hakijatanuka. Kwa hiyo kwenye fremu pima kwa sentimita: uzi wa nyuma usizidi 3 hivi kwenye kazi iliyotulia. Kwa fremu ambayo vigingi vyake vimeachana milimita 16, ni vigingi 2, na 3 ndio mwisho.

Ua ninalowashauri wote waanze nalo, isipokuwa wenye fremu ya 31 kwa kuwa 30 haigawanyiki kwa 4, linatimiza sharti hilo bila kuhitaji ujanja. Ni zigizaga ya vigingi 4: viwili vya rangi ya uwanja, viwili vya rangi ya ua. Mzunguko wa kwanza rangi ya ua inakaa kigingi cha 1 na 2 cha kila kundi la vigingi vinne. Wa pili inakaa cha 2 na 3. Wa tatu, cha 3 na 4. Wa nne, cha 4 na kile cha 1 cha kundi linalofuata. Kisha rudi: wa tano ni 3 na 4, wa sita ni 2 na 3, halafu anza tena. Uzi wa nyuma hauruki zaidi ya vigingi 2 mahali popote, isipokuwa kwenye ule mstari wa mshono wa fremu ya 41, ambako unafika 3. Mizunguko 18 inatoa zigizaga tatu, na kwa sampuli ile ni kimo cha sentimita 15. Wanaojua mikeka ya ukili watatambua umbo hilo mara moja. Mikeka kwa kweli ni hazina kwa mfumaji wa fremu, maana maumbo yake mengi hupanda mshazari hatua kwa hatua na rangi haikai mbali na mwenzake. Ni afadhali kunakili kutoka pale kuliko kuhangaika na chati za maua makubwa.

Namna ya kufuma mstari wenyewe: wengi hushika nyuzi mbili kwa pamoja na kuzibadilisha kigingi kwa kigingi, zikajisokota baada ya mizunguko michache. Kwenye fremu kuna njia tulivu zaidi, kupita mara mbili. Anza na rangi ya uwanja. Kwenye kila kigingi chake zungushia uzi na uvushe kitanzi cha zamani juu ya kigingi kwa kulabu. Ukifika kigingi cha rangi ya ua, pitisha uzi kwa ndani ya fremu, nyuma ya kigingi, ukiache na kitanzi chake cha zamani. Maliza mzunguko. Sasa chukua rangi ya ua, anza kigingi kile kile cha mwanzo, fuma vigingi vilivyoachwa na upite nyuma ya vile vilivyokwisha kufumwa. Kila kigingi kimefumwa mara moja, mzunguko umekamilika. Mpangilio usibadilike hadi mwisho wa kazi: iliyotangulia itangulie daima. Ukizibadilisha katikati, rangi iliyokuwa imejitokeza mbele inafifia kidogo na utaona mkanda ambao hukuukusudia.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kupitisha uzi mbele ya kigingi badala ya nyuma, ukaonekana kwa nje kama mstari uliolala. Ukiligundua kabla ya kupita mara ya pili, unyanyue tu uzi huo kwa kulabu juu ya kichwa cha kigingi uangukie ndani. La pili ni kuuvuta. Kwenye fremu kitambaa kimetanuliwa kuliko kitakavyokuwa kikivaliwa, kwa hiyo uzi wa nyuma uliolala bila kukazwa kwenye mgongo wa vigingi una urefu unaotosha. Ila lazima ufuate mviringo wa fremu. Ukikata moja kwa moja kutoka kigingi hadi kigingi ndani ya duara, umeufupisha, na kazi itakunjamana siku ya kuitoa. Makunyanzi hayo kwenye uzi wa akriliki hayatoki kwa kufua, na pasi ndiyo inaharibu kabisa. Sufu halisi angalau inasameheka ukiilowesha maji ya uvuguvugu na kuianika bapa.

Kama ua lina mahali pamoja tu penye mruko mrefu, kwenye mstari huo acha njia ya kupita mara mbili na ushike nyuzi zote mbili. Ukifika katikati ya mruko zisokote mara moja ndani ya fremu, kati ya kigingi na kigingi, kisha endelea. Mstari unaofuata usisokotee pale pale, hamia kigingi cha pili au cha tatu, la sivyo rangi ya nyuma itachungulia mbele na kuonekana kama doa linalopanda.

Sasa aina ya mzungusho, jambo ambalo maelezo mengi hulipita kimya. Njia ya kwanza anayofundishwa kila mtu ni kuzungushia kigingi duara kamili. Ni nyepesi kwa kulabu, lakini inatoa kitanzi kilichosokotwa mguuni, kirefu na chenye uwazi, na ua la rangi likifumwa hivyo kingo zake hazitoki safi. Kwa rangi tumia mzungusho wa U: uzi upite mbele ya kigingi juu ya kitanzi cha zamani, uzibane kidogo mbavu zote mbili za kigingi, kisha vusha. Vitanzi vinatoka kama herufi V safi, zimekaa wima. Usiulaze tu uzi mbele ya kigingi bila kuukumbatisha, maana baada ya mistari mitano utakuta vitanzi vimekaza kiasi kwamba kulabu haiingii. Na sampuli ya vipimo uifume kwa mzungusho ule ule wa kazi, vinginevyo hesabu zote za juu zimepotea.

Asiyetaka kabisa kushughulika na nyuzi mbili katika mstari mmoja ana njia nzuri ya kuruka vigingi, na kwa kofia za watoto wachanga ningeipendekeza kuliko ile ya kwanza kwa sababu ndani haiachi mitego. Kila rangi inafuma mizunguko miwili peke yake. Mfano wa vigingi 4, nyeupe na buluu: fuma mizunguko 2 myeupe yote kama msingi. Kisha mizunguko 2 ya buluu, fuma kigingi cha 1, 2 na 3, ruka cha 4 kwa kupitisha uzi nyuma yake. Mizunguko 2 myeupe, sasa fuma cha 1, 3 na 4, ruka cha 2. Endelea kupokezana hivyo. Kitanzi kilichorukwa kinanyooka kufunika mistari miwili na kutoa nukta ndefu ya rangi nyingine. Kisirukwe zaidi ya mizunguko miwili mfululizo, kitakatika au kitapinda kigingi. Kitambaa hiki kinakuwa kifupi kuliko cha kawaida kwa idadi ile ile ya mistari, hivyo ongeza mistari hadi kimo kitimie kwa rula.

Picha kubwa moja, kwa mfano moyo kifuani mwa sweta, haifumwi kwa njia yoyote kati ya hizo. Inataka kila eneo la rangi liwe na kibunda chake cha uzi, na ifumwe kama kipande bapa cha kwenda na kurudi. Kwenye mzunguko inashindikana, kwa kuwa ukimaliza mstari uzi wa moyo unabaki upande wa kushoto wakati wewe unauhitaji kulia. Kujua kibunda kiwe na uzi kiasi gani, hesabu miraba ya eneo hilo kwenye chati, zungushia uzi kwenye kigingi mara hizo hizo, ongeza sehemu ya kumi, kisha sentimita 30 za mikia miwili. Mpakani, kila mstari, uzi unaoishia zamu yake uupitishe juu ya ule unaoanza, ndani ya fremu, na uchukue mpya kutoka chini. Ukisahau, tundu linabaki. Nyuzi zikisokotana mpakani hivyo zinafungana na hakuna haja ya fundo.

Herufi na majina yana mtego wa peke yake. Ukizunguka fremu kwa mwelekeo wa saa, mbele yako mkono unatoka kulia kwenda kushoto, basi na chati isome kutoka kulia. Ukizunguka kinyume cha saa, isome kutoka kushoto. Ukikosea, zigizaga haitajali, lakini jina litatoka limegeuka kama kwenye kioo. Kwenye kipande bapa mstari mmoja unasomwa kutoka kulia na unaofuata kutoka kushoto. Chati huanzia chini kila mara, na kofia ikianzia ukingoni jina litasimama vizuri. Kwa jina fupi, hata hivyo, fuma kofia ya rangi moja, kisha udarizi juu ya vitanzi kwa sindano butu, ukifuata njia ya kila V. Dawa hiyo hiyo inaokoa kigingi kimoja kilichofumwa rangi isiyo yake mistari kumi iliyopita, na hakuna haja ya kufumua.

Kuhusu uzi, mzula wa mtu mzima kwa uzi mnene unakula karibu gramu 100. Ukiwa na rangi mbili usinunue 50 kwa 50, kwani uzi wa nyuma nao unakula. Nunua 100 ya rangi ya uwanja na nusu yake au zaidi ya rangi ya ua. Kitambaa chenye nyuzi nyuma hakinyumbuki kama cha kawaida, kwa hiyo ukingo uache wa rangi moja wenye mbavu, vitanzi 2 vya mbele na 2 vya nyuma, mizunguko 8 hadi 10, ambao ndio utakaoshika kichwa. Rangi zipige picha kwa simu kisha uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zinazogombana dukani zinaweza kuwa kijivu kimoja kwenye picha hiyo, na ua lake halitaonekana kwa mbali. Uzi mwekundu wa pamba ulowanishe kwanza maji ya uvuguvugu na uubane ndani ya kitambaa cheupe kwa nusu saa. Ukiacha alama, usiuweke karibu na nyeupe.

Ombi langu kwako, Mhariri: siku mkichapisha ruwaza ya fremu kwenye kurasa za mwisho wa wiki, chati iambatane na idadi ya vigingi, umbali kati ya kigingi na kigingi kwa milimita, vitanzi na mistari kwa sentimita 10, aina ya mzungusho, na urefu wa mruko mkubwa kuliko yote wa uzi wa nyuma. Mistari miwili ya maandishi madogo chini ya chati inatosha.

Mfumaji wa fremu,
Njombe